Jodari wa kupaka bila kuwasha jiko, siku mama alipovuka daraja

Jumamosi iliyopita saa nne asubuhi nilikuwa nimeshakata vitunguu vya mchuzi, sato watatu wako kwenye beseni nimewapaka ndimu na tangawizi, mara jiko la gesi likaanza kutoa ule moto wa njano unaorukaruka alafu likazima. Mtungi umeisha. Nikampigia kijana anayetuleteaga gesi akasema yuko Buhongwa anashusha mtungi mwingine, nimpe kama saa moja. Sijaweka simu chini vizuri ikaita tena, safari hii ni mdogo wangu, "dada tumeshavuka daraja, tunakuja."

Mtu wa Sengerema anaelewa maneno hayo yana uzito gani. Miaka yote mama akitupigia kwamba yuko Busisi, ng'ambo ya ziwa, tulikuwa tunajua bado tuna mda wa kufua, kupika, kuoga na hata kusinzia kidogo, maana kuna foleni ya magari, kuna kivuko chenyewe kipo ng'ambo, na siku ya mnada ndo usiseme. Sasa tangu daraja lifunguliwe mwezi wa 6 mwaka 2025, hizo kilomita 3 za juu ya maji gari inazikata dakika chache tu wako Kigongo, upande wetu wa Mwanza, na kutoka Kigongo mpaka kwetu Mkolani si safari ya mtu kukupa nafasi ya kupika sato. Wageni ninao sita, mama, mdogo wangu na mume wake, wifi yangu ambaye ni mjamzito wa miezi mitano, na watoto wawili. Jiko limezima.

Nikafungua friji nikatoa mtindi wangu uliochujwa, nikafungua kabati nikatoa makopo mawili ya jodari, yule anayeandikwa tuna, nimtengeneze wa kupaka juu ya mkate au tango. Hapa ndo nataka niongee nanyi leo, maana watu kadhaa walioonja siku hiyo wamenisumbua kwenye simu nieleze nilifanyaje, na kuelezea kwa sauti ya dakika tatu nimechoka, acha niandike mara moja yote.

Ila kwanza niseme kwa nini haya makopo yanakaaga kabatini kwangu, nyumba ambayo ukisimama juu ya mawe nyuma ya choo unaliona ziwa.

Mama yangu ana presha. Aligundulika 2021 na tangu hapo daktari amemwambia chumvi apunguze, mafuta apunguze, na yeye ni mtu wa kufuata, akiambiwa kitu hospitali anakishika kama amri. Sasa shida inakuja kwenye shughuli zetu. Nenda send-off yoyote hapa Mwanza, nenda kipaimara, nenda hata kikao cha familia, kitu cha kwanza kupitishwa kabla ya chakula ni sambusa, kachori, soseji za kukaanga, mabawa ya kuku yanayong'aa mafuta, karanga za chumvi. Mwaka juzi kwenye shughuli moja mama alikaa masaa matatu na chupa ya maji mkononi, sahani inapita mbele yake anaitikia asante mwanangu, inapita tena asante mwanangu, na mimi nimekaa pembeni naona. Chakula kilikuja saa tatu usiku. Nilimuuliza mama una njaa? Akasema hapana nimezoea. Neno lile nimezoea lilinikaa kooni mpaka nafika nyumbani. Tangu siku hiyo nikasema kwangu mimi mgeni akifika, kabla sufuria haijaiva, kutakuwa na kitu cha kuanzia ambacho mama yangu anaweza kula mpaka akasema basi imetosha.

Nimejaribu vitu vingi. Matunda ni mazuri ila hayashikilii tumbo na yana sukari. Kachumbari peke yake mtu anakula vijiko viwili anaacha. Mayai ya kuchemsha sawa, ila lazima uwashe jiko. Jodari wa kupaka ndo ameshinda, na nimemtengeneza mara nyingi kiasi kwamba naweza kumchanganya huku naongea na simu.

Sasa tuje kwenye jodari mwenyewe. Huyu ni samaki wa bahari, kwetu ziwani hayupo, wenzetu wa Pwani na Zanzibar wanampata mbichi wanamkaanga na kumtia kwenye mchuzi wa nazi, sisi huku anatufikia akiwa kwenye kopo. Na kitu kimoja watu hawakijui, samaki wa kwenye kopo ameshapikwa. Kiwandani wanamwivisha kwanza, wanamtoa mifupa na ngozi, wanamfunga kwenye kopo, alafu kopo lenyewe likiwa limefungwa linapikwa tena kwenye mvuke wa joto linalopita nyuzi 110 mpaka vijidudu vya ndani vinakufa. Ndo maana anakaa kabatini bila friji na ndo maana unaweza kufungua ukala hapo hapo. Kwa hiyo tukisema chakula cha kutopika hatumaanishi samaki mbichi, naomba hili tuelewane kabisa, maana kuna kaka mmoja alinishauri kwa nini usichukue sangara fresh ukamkatakata ukamloweka kwenye ndimu, si anakuwa mweupe kama amepikwa? Anakuwa mweupe kweli lakini hajapikwa. Ndimu inabadilisha nyama rangi na ugumu, haiui vimelea na bakteria kama moto unavyowaua. Samaki wa ziwani ale moto. Na dagaa wa kukausha juani pale Kirumba nao ni hivo hivo, kukauka sio kuiva.

Ukienda kununua geuza kopo usome. Kuna jodari wa kwenye mafuta, wa kwenye maji, na wa kwenye maji ya chumvi. Mimi nachukua wa kwenye maji, kwanza mafuta ni machache, pili ni mwepesi kukamua. Alafu soma mstari wa sodiamu, wameandika kwa miligramu. Hesabu yake ni rahisi, zidisha hiyo namba kwa 2.5 unapata chumvi. Yani sodiamu miligramu 400 ni gramu 1 ya chumvi. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima kwa siku nzima asipitishe gramu 5 za chumvi, ambayo ni kama kijiko kimoja cha chai, na hapo unahesabu chumvi ya ugali mchuzi mkate na kila kitu. Ukishaelewa hesabu hii hutashika kopo bila kusoma tena. Na kopo lililovimba au lililobonyea kwenye ile mishono usinunue, hata wakikupunguzia bei, na ukilikuta kwako limevimba tupa bila kuonja.

Naendelea. Siku hiyo nilikuwa na makopo mawili ya gramu 170. Ukichuja maji unabaki na samaki pungufu ya hapo, usishangae.

Kitu cha kwanza, na hapa ndo wengi wanaharibu, ni kukamua. Mara yangu ya kwanza kabisa kumtengeneza huyu jodari nilimwaga maji ya juu juu nikaona inatosha, nikachanganya, ikawa nzuri kwa dakika kumi, baadae ikaachia maji sahani nzima mkate ukalowa ukawa kama uji na wageni wakawa wanakula kwa heshima tu. Siku hizi namimina kopo lote kwenye chujio la chai lile kubwa la waya, namsuuza kwa maji ya kunywa kama dakika nzima huku namgeuza na vidole, alafu nakandamiza kwa mgongo wa mwiko, nasubiri, nakandamiza tena, mpaka ukishika kipande kinavunjika kikavu kama pamba. Kumsuuza kunaondoa sehemu kubwa ya ile chumvi ya kwenye kopo. Na nimesema maji ya kunywa kwa makusudi, yaliyochemshwa au ya chupa, sio ya bombani moja kwa moja, kwa sababu hiki chakula hakiendi tena kwenye moto. Kila kinachoingia humu kinaingia mdomoni kama kilivyo. Mboga pia zioshe kwa maji hayo hayo, na mikono, na ubao usiwe ule uliotoka kukatia sato. Mimi ubao wa samaki mbichi na ubao wa kachumbari ni vitu viwili tofauti, mmoja una alama ya rangi ya kucha pembeni ili watoto wasichanganye.

Kitu cha pili ni mtindi badala ya mayonesi. Najua mayonesi ni tamu, sikatai. Lakini mayonesi kwa sehemu kubwa ni mafuta, gramu 100 ina kalori karibu 700, na mtindi wa kawaida usio na sukari gramu 100 haifiki hata kalori 100. Ukiweka vijiko vinne vya mayonesi kwenye bakuli la mtu mwenye presha umerudi kule kule kwa sambusa. Na wale wanaotengeneza mayonesi nyumbani, ile ina mayai mabichi, kwa mjamzito na mtoto na mzee sio ya kuchezea.

Ila mtindi ukiuweka kama ulivyo una maji mengi. Unauchuja. Natandika kitambaa cheupe cha pamba kwenye chujio, chini bakuli, namimina nusu lita ya mtindi, nafunika, naingiza friji usiku mzima. Asubuhi unakuta juu pamebaki kitu kizito cheupe kinachosimama kwenye kijiko, kama siagi lakini chepesi, kama kikombe kimoja hivi, na chini kuna maji ya kijani njano. Hayo maji usimwage, kandia chapati, zinakuwa laini mno. Mtindi wenyewe uwe wa maziwa yaliyochemshwa. Kuna ule wa kwenye vibuyu kutoka vijijini, mimi nimeukulia na naupenda kufa, lakini kwa wifi mjamzito siuweki, maana maziwa mabichi yana mambo yake. Na soma usije ukachukua mtindi wa vanila, mdogo wangu aliwahi kuniletea huo nikamrudisha dukani.

Basi kwenye bakuli kubwa nikaweka jodari aliyekamuliwa, nikamvunjavunja kwa uma. Uma, sio blenda. Blenda inamgeuza anakuwa uji wa mtoto, hakuna cha kutafuna, na mtu mzima anataka asikie samaki mdomoni. Nikaweka vijiko vinne vya chakula vya mtindi ule mzito na nusu parachichi lililoiva nimelipondaponda. Parachichi ndo linaleta ule ulaini ambao watu wanautafuta kwenye mayonesi. Mwanza tunabahatika, yanashuka kutoka Kagera na kutoka Tarime, ukikosea msimu bei inapanda lakini huwa hayakosekanagi kabisa.

Kitunguu nusu nilikuwa nimeshakikata kwa ajili ya mchuzi, nikachukua kidogo nikakikatakata zaidi mpaka kikawa kama mchele, nikakiloweka kwenye maji ya ndimu moja kwa dakika kama kumi. Usiruke hii hatua. Kitunguu kibichi kikiingia moja kwa moja kinatawala bakuli zima na ukikaa na wageni pumzi inakuwa nzito, lakini kikilala kwenye ndimu ukali unashuka kinabaki utamu na ule mlio wa kutafuna. Kinaingia na ndimu yake yote. Karoti ndogo moja nimeikwaruza, hoho nusu nimeitoa mbegu nikaikata vipande vidogo sana, giligilani kiganja kimoja pamoja na vijiti vyake maana harufu iko kwenye vijiti, pilipili manga nusu kijiko cha chai. Tangawizi mbichi kidogo sana nimeikwaruza, hii ni ya kwangu, sio lazima. Chumvi sikuweka hata chembe. Ukisikia ndimu na pilipili manga na giligilani zimekaa sawa hutaitafuta chumvi, na kama mtu mwingine anaitaka kichupa kiko mezani ajiwekee kwenye sahani yake.

Na mwisho karanga. Karanga zilizokaangwa bila chumvi, nimezitwanga kwenye kinu zikabaki zimevunjika vunjika, sio unga, vijiko viwili. Hii nimeitoa nyumbani, sisi Wasukuma karanga tunaziweka kwenye kila kitu, kwenye mboga za majani, kwenye michembe ya viazi vitamu, nikasema kwa nini zisiingie kwenye jodari? Zinaingia vizuri ajabu. Ila uliza kwanza kama kuna mtu karanga zinamdhuru, kuna watu koo linafunga kabisa.

Yote hiyo tangu simu ya mdogo wangu ilikuwa kama dakika ishirini na tano. Nikafunika bakuli nikalirudisha friji lipoe lishikane, nikaanza kukata matango.

Matango ndo mkate wangu. Unayakata mviringo unene wa kidole kidogo, unayapanga kwenye sahani, na mtu akikaribia kukaa ndo unaweka kijiko cha jodari juu ya kila kimoja, usiweke mapema tango litatoa maji. Kwa watoto nilichoma mkate... hapana, jiko lilikuwa limezima, niliukata tu mkate wa kahawia pembe tatu nikapaka. Hata karoti za vidole zinafaa kuchovya, hata chapati ya jana ukiikata kama pizza.

Gari likapiga honi getini saa tano kasoro.

Mama akaingia na mfuko wake wa kitenge, tukasalimiana, mwangaluka mayu, akaketi, akavua viatu, akauliza mbona sisikii harufu ya kitu? Nikamwambia mama gesi imeisha lakini kaa usiwe na wasiwasi. Nikaleta sahani. Akaangalia. Akauliza hii ni nini, nikasema jodari, samaki wa kopo. Akanyamaza kidogo alafu akasema, "mwanangu, samaki wa kopo, hapa Mwanza?"

Nilijua atasema. Na mama hakuuliza kwa ubaya, ni mtu ambaye baba yake alikuwa mvuvi, kwake samaki ana kichwa na macho. Nikamwambia mama, huyu sangara unayempenda si mgeni? Aliletwa ziwani miaka ya 1950, na hata sato wa siku hizi naye aliletwa miaka hiyo hiyo. Babu alikuwa anavua furu na ningu, wale samaki wenyeji wa ziwa. Mama akatikisa kichwa akasema kweli, baba alikuwa anasema mdomo wa sangara umemaliza furu wetu. Akaanza kutuhadithia jinsi bibi alivyokuwa anakausha furu kwenye vijiti, wamefungwa kama ushanga, na wakati anahadithia mkono wake umeshachukua tango la kwanza.

Akala la pili. Akala la nne. Nikawa nahesabu kimoyomoyo na naogopa kusema kitu nisije nikamkatisha.

Alafu akafanya kitu ambacho sikukitegemea. Akafungua ule mfuko wa kitenge akatoa matobolwa aliyoniletea, vile viazi vitamu vinavyochemshwa vikakatwa vikaanikwa, vigumu kiasi unavitafuna taratibu, akachukua kipande akachovya kwenye bakuli la jodari. Akatafuna macho amefumba. Akachukua kingine akampa wifi. Utamu wa kiazi na uchachu wa ndimu na ile karanga, jamani, mimi nimekula jodari huyu mara ngapi na matango yangu na sijawahi kufikiria matobolwa. Kama una ndugu Sengerema, Magu, Kwimba au Shinyanga mwambie akutumie kilo moja ujaribu, na uandike hapa chini ulionaje.

Wifi aliuliza swali zuri, yeye na mimba yake anaruhusiwa? Nilimjibu ninavyojua kutoka kwenye miongozo ya wajawazito. Jodari ni samaki anayekula samaki wengine, kwa hiyo zebaki iliyoko baharini inajikusanya kwenye mwili wake, na akiwa jamii kubwa inajikusanya zaidi. Mamlaka za afya za Marekani zinawaambia wajawazito kwamba jodari wa kopo wale wa aina nyepesi, ambao mara nyingi ni wale wadogo, unaweza kula sehemu mbili mpaka tatu kwa wiki, sehemu moja ni kama gramu 113, na wale wa aina nyeupe wanaoandikwa albacore mara moja kwa wiki inatosha, na wiki hiyo usiongeze samaki mwingine. Kwa hiyo sio chakula cha kila siku asubuhi na jioni, lakini kukaa kabisa bila samaki nako ni hasara kwa mtoto, maana kuna protini nyingi, gramu 100 ina kama gramu 20, na kuna yale mafuta ya omega 3 yanayojenga ubongo. Nikamwambia na kliniki wiki ijayo uliza tena usikie wanasemaje kwa hali yako wewe. Dagaa wetu kwa kweli kwa mjamzito ni bora zaidi, mdogo, maisha yake mafupi, zebaki haipati mda wa kujikusanya, na unamla na mifupa yake unapata kalsiamu. Ila dagaa anataka moto.

Kuna jambo moja bado na hili nalisema kwa msisitizo kwa sababu ya joto letu. Ukishafungua kopo, ile kinga ya kiwandani imekwisha. Jamii ya jodari wana tabia yao, wakikaa kwenye joto bakteria wanatengeneza kitu kinaitwa histamini, na hiyo hata ukipasha moto haitoki, na wala samaki hanuki kuoza kwamba utashtuka. Binamu yangu aliwahi kula sandwichi ya jodari iliyokaa kwenye kontena ndani ya gari toka asubuhi mpaka saa tisa, nusu saa haikuisha uso umekuwa mwekundu, kichwa kinagonga, mwili unawasha, tukafikiri ni aleji. Aliwahiwa akapona, lakini tuliogopa. Kwa hiyo mezani usipitishe masaa mawili, na siku za jua kali zile za mwezi wa 9 na wa 10 nyumba ya bati inavyochemka, lisaa limoja. Mimi bakuli la jodari naliweka ndani ya bakuli kubwa lenye barafu, na natoa kidogo kidogo, lingine linabaki friji. Kinachobaki kwenye sahani watu walikochovya mikono hakirudi friji. Kile ambacho hakijaguswa kwenye chombo chenye mfuniko nakila ndani ya siku tatu. Na usihifadhi kwenye kopo lenyewe lililofunguliwa, hamishia kwenye chombo. Umeme ukikatika usiku mzima ukaamka friji lina joto, usijionee huruma, mwaga.

Kijana wa gesi alikuja saa sita kasoro. Nikabadilisha mtungi nikawasha nikaweka sato, na kwa mara ya kwanza nikapika nimetulia, hakuna mtu anachungulia jikoni kuuliza bado? Watoto walikuwa wanacheza, mdogo wangu na mume wake wanabishana mambo ya mpira, na mama na wifi wamekaa na bakuli katikati yao wanaongea mambo ya majina ya mtoto. Nikiwa nageuza sato nikasikia mama anaita kutoka sebuleni, "wewe mama, kopo lingine lipo?"

Halikuwepo. Nikaandika kwenye karatasi ya jokofuni, makopo manne.

Juzi Jumatano saa kumi jioni mama akanipigia. Yuko dukani Sengerema, nasikia kelele za redio na bodaboda. Ananiambia amepata jodari wa maji, amemuomba muuza duka amsomee maana miwani ameacha nyumbani. Nasikia kwa mbali kijana anasoma, kwa gramu 100, sodiamu miligramu mia tano na ishirini.

"Mwanangu, 520, hiyo ni ngapi?"

Nikamwambia mama hiyo ni gramu moja na kitu ya chumvi kwenye kila gramu 100, angalia kama kuna lingine. Nikasikia anamwambia kijana rudisha hili, nishushie lile la pale juu, hilo la bluu, soma.